Waliochechemea Mnyambe

Stamili alikuwa mjane wa pale Mnyambe, mtu mzima anayeuelekea uzee, mwenye mikorosho ya kumtosha, kipande cha muhogo na mbaazi, na mtoto mmoja, Fakihi, aliyekuwa Mtwara akipakia magunia bandarini. Alikuwa mtaratibu, mwenye maneno machache, na huenda watu wasingemtaja sana kama si kisima.

Kisima hicho alikiacha marehemu mumewe, mzee Nandonde. Alikichimba uani kwa mikono yake, akakisakafia kwa saruji, akakifunika kwa zege na kuacha tundu la mraba la kupitishia ndoo. Mvua ikipiga bati, maji hushuka kwa mfereji mpaka shimoni. Kule juu ya uwanda ulioinuka, ambako bomba huweza kukohoa hewa tupu mwezi mzima na chemchemi ziko chini bondeni, mtu kushuka ni asubuhi na kupanda ni jua la utosi, kisima cha namna hiyo ni utajiri. Kiangazi Stamili aliuza maji kwa ndoo. Mpita njia mwenye kiu alipewa kata moja bure, akanywa amesimama, akashukuru, akaenda zake.

Miaka hiyo ndiyo wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho. Awali kulikuwa na chama cha ushirika tu, mkulima akipeleka mzigo na kusubiri mpaka asahau anasubiri nini. Sasa malori yalipanda yenyewe mpaka vijijini, wanunuzi wakigombea magunia mlangoni kwa mtu. Mnyambe ikabadilika. Zamani nyama ilikuwa ya Idi na ya harusi. Sasa mbuzi alichinjwa kila siku, na supu ya utumbo na maini iliuzwa tangu asubuhi. Bia za chupa zikaja kwa kreti. Na uraka, ile pombe ya mabibo, ulikuwepo kama ulivyokuwepo siku zote. Wanaume waliozoea ugali wa muhogo na mboga ya kisamvu wakaanza kutoa vitambi.

Wa kwanza kupatwa alikuwa Hamudi, mdogo wa marehemu Nandonde. Asubuhi moja, baada tu ya msimu, mkewe Rahima alikuja kwa Stamili mbio, kanga imemponyoka kichwani.

"Dada, njoo umwone shemeji yako. Mguu umekuwa si wake."

Stamili alimkuta Hamudi kitandani, mtu wa miraba minne, analia kama mtoto. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu kama bibo bivu, ngozi imevutika inang'aa. Hakutaka hata shuka imguse. Nzi alitua pale kidoleni na Hamudi akapiga ukelele uliowafanya majirani watoke nje.

"Umejikwaa?" Stamili aliuliza.

"Sikujikwaa, shemeji. Sikuumwa na mdudu. Nililala mzima, mzima kabisa. Kabla ya adhana kitu kikaja kikaning'ata. Nimekisikia kikija."

Walimkanda, wakambandika majani, wakamsomea. Siku zikapita, uvimbe ukanywea wenyewe, ngozi ikabambuka kama ya nyoka, na Hamudi akaamka akatembea kama hakuna lililotokea. Hilo ndilo lililowatisha watu kuliko maumivu yenyewe. Ugonjwa wanaoujua wao hauna desturi ya kuaga.

Kisha akapatwa Erasto, fundi mwashi. Kisha mchinja mbuzi. Kisha muadhini, mtu asiyeonja pombe. Wote ni kidole gumba, wote ni kabla ya mapambazuko, wote walilala wazima. Kwa mmoja kiliondoka kikarudi baada ya miezi, kwa mwingine kikahamia kifundoni au gotini. Watoto hakikuwagusa. Wanawake vijana hakikuwagusa. Kilikuwa kama kinachagua.

Ilipofika miezi ya baridi, ukungu ukakaa juu ya uwanda asubuhi hadi saa tatu, na ndio wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Mashine zilinguruma shambani huku hakuna anayeziona. Vumbi la njano likachanganyika na ukungu, na harufu yake kali ikakaa kooni. Ndani ya weupe ule Stamili, akiwa anafagia uwanja, alisikia watu kabla hajawaona. Kwanza mkongojo: to. Halafu unyayo unaoburutwa: kwaruu. To, kwaruu. To, kwaruu. Kisha mtu anajitokeza, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu, kiatu chake amekishika mkononi.

"Shikamoo, Mama Fakihi."

"Marahaba. Na wewe pia?"

"Na mimi pia."

Njiani kwenye mchanga mwekundu nyayo za kushoto zilikuwa nyingi kuliko za kulia. Ukitazama ungesema kijiji kimehamwa na watu, wakaingia wale viumbe nusu mtu wa hadithi za mabibi, wenye mguu mmoja na jicho moja. Watu wakaanza kumwaga majivu vizingitini jioni ili wajue ni nani anayepita. Asubuhi moja mbele ya mlango wa Hamudi ulionekana unyayo mmoja tu, wa kushoto, umeelekea ndani. Huenda ni wake mwenyewe Hamudi alipotoka kujisaidia akirukaruka. Rahima alisema hivyo, na Hamudi akamwambia anyamaze.

Wakati huo neno lilikuwa limeshatoka, na halikujulikana limetoka kinywani mwa nani. Wote wanaochechemea wamekunywa maji ya kisima cha Stamili. Ilikuwa kweli. Kijiji kizima kilikuwa kimekunywa maji ya kisima cha Stamili, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu waliokunywa wakabaki wazima. Wateja wakapungua. Wakinamama waliopita na ndoo walisalimia huku wakitazama pembeni.

Stamili hakukasirika. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ile ambayo watu wangeidhani. Kwao inajulikana kwamba uchawi unaweza kumkaa mtu asijue. Amelala kitandani pake, na hicho kitu chake kimetoka kinafanya kazi zake, kinarudi kabla hajaamka. Na akiulizwa ataapa kwa Mungu kuwa hana kitu, naye atakuwa amesema kweli. Usiku anaoukumbuka ni wa kulala tu, angejuaje? Akaanza kila akiamka kutazama nyayo zake. Na asubuhi moja alikuta majivu kwenye unyayo wa kushoto.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akiutazama mguu ule kama mguu wa mgeni. Jikoni kulikuwa na majivu, ndiyo. Huenda aliyakanyaga jioni. Alijaribu kukumbuka kama aliosha miguu kabla ya kulala, na hakukumbuka. Aliyafuta kwa pindo la kanga na hakumwambia mtu.

Tangu siku hiyo hakunywa tena maji ya kisima chake. Alichota akawapa mbuzi, akapikia pale alipolazimika, lakini kunywa hakuweza. Alipoinamia tundu lile la mraba aliona giza tu na kitu kikimtazama, akajua ni uso wake, na bado akarudi nyuma. Rahima alimletea kibuyu cha maji ya bondeni kila alipoweza. Stamili alikunywa fundo mbili asubuhi, mbili jioni. Kwa mwanamke anayepalilia juani kutwa nzima, hayo hayakuwa maji.

Jua la Septemba lilipokuwa limekausha kila kitu, Hamudi akaja na wazee na fundi Erasto. Ilikuwa mchana. Hamudi alikuwa amekonda, mara hii kifundo chake ndicho kilichokuwa kimevimba.

"Shemeji," alisema bila kukaa, "hatukuja kwa ugomvi. Tumekuja kukiona kisima ndani."

"Ndani mna maji, Hamudi. Maji ya mvua ya Mungu."

"Basi tuyatoe, tuone chini yake pana nini."

"Kiangazi hiki? Umwage maji?"

Hamudi akashika kamba ya ndoo. Wakachota. Ndoo kwa ndoo wakamwaga maji uani, na ardhi ikayanywa ikabaki nyekundu kama kidonda. Wakinamama walisimama kando ya ugo wa ua na ndoo zao tupu, wakitazama maji yakipotea, na hakuna aliyesogea kukinga. Hapo ndipo Stamili alipojua wamemwogopa kiasi gani.

Yalipobaki matope, Erasto akashuka kwa kamba. Walimsikia akipapasa, sauti yake ikitoka kana kwamba chini kuna Erasto wawili. Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Nivuteni."

Mkononi alikuwa na katambuga, kiatu cha tairi, kimejaa tope. Kimoja tu. Cha mguu wa kulia.

Mzee mmoja akageuka akatema mate. Hamudi alikitazama kiatu, akamtazama shemeji yake.

"Cha nani?" aliuliza.

Stamili alikijua. Mshono ule wa waya aliushona mwenyewe. "Cha kaka yako," alisema.

Na hapo mambo aliyokuwa ameyasahau yakamjia yote kwa pamoja: Nandonde akilalamika kuwa mguu una baridi yabisi, miaka hiyo ya ushirika na foleni za sabuni; Nandonde akilala na mguu nje ya shuka; Nandonde akisakafia kisima akiwa amevua kiatu kimoja kwa sababu kidole hakikubali kuguswa. Alitaka kusema. Lakini alipofungua kinywa alisikia jinsi itakavyosikika, kwamba hata mumewe alianza kuchechemea kisha akafa. Akafunga kinywa.

Wakaamua akanyolewe. Huko kusini mtu akishukiwa hupelekwa kwa mganga, akanyolewa nywele, akanyweshwa dawa, na uchawi wake ukafa. Anarudi kijijini na wanaishi naye. Hawakumburuta. Hamudi alimwuliza kama atakwenda, na Stamili akasema, "Nitakwenda. Kama ninacho, na mimi nataka kitoke."

Asubuhi ya safari aliamshwa na moto. Alidhani ameangukiwa na kaa la jiko. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, na uzito wa kanga peke yake ulimfanya auume mkono wake asipige kelele. Gari ndogo ya mizigo ilipofika alitoka nje akiegemea mchi. To, kwaruu. Hamudi, naye akiwa na mkongojo, alisimama akamtazama akija katika kiza cha alfajiri.

"Kimemrudi," alinong'ona mzee mmoja.

Ila kwenye gari, walipoanza kuteremka ukuta wa uwanda kuelekea Masasi na kila shimo la barabara likiwapiga wote wawili pamoja, Stamili alimwona Hamudi akivua koti lake, akalikunja, na kuliweka chini ya mguu wa shemeji yake.

Mganga alikaa ndani kidogo ya barabara kuu, nyuma ya Nanganga. Walifika alasiri. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa, na pembeni chini ya mabanda ya makuti walikaa watu, wengi kuliko Stamili alivyotarajia. Alishuka, akainua macho.

Walikuwa watu wa kuchechemea. Si wote, maana wengine waliletwa kwa mambo mengine, lakini kila banda lilikuwa na mtu aliyenyoosha mguu mmoja mbele yake kama kitu kisicho chake. Mzee wa Nachingwea na kidole chekundu. Mwalimu mstaafu wa Masasi na goti kama boga. Mwenye duka wa Lulindi na mkono uliopinda. Na kando ya kila kundi, peke yake kidogo, alikaa mtu mwingine, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mzee, ameinamisha kichwa.

Stamili alikaa karibu na mmoja wao, bibi mwembamba aliyejitaja kuwa Julia.

"Umeletwa kwa lipi, dada?" Stamili aliuliza.

"Vidole vya watu," alisema Julia. "Wanasema nawang'ata alfajiri."

"Unatoka wapi?"

"Upande wa Chiungutwa. Na wewe?"

"Mnyambe. Vidole pia."

Wakatazamana. Kutoka kwa Julia mpaka kwake ni siku nzima ya mwendo. Stamili akageuza macho akawapitia wale wanawake mmoja mmoja chini ya makuti, na wazo likamjia taratibu, baridi kuliko maji ya kisimani. Aidha uchawi huu ni mmoja na umeshika nchi nzima, au si uchawi. Hakujua lipi linatisha zaidi. Kama si mtu anayefanya, basi ni nani atakayenyolewa ili kikome?

Zamu yake ilipofika alinyolewa. Wembe ulikuwa butu. Alikunywa dawa chungu, akaambiwa amekwisha kuwa safi. Nywele zake za mvi zilichomwa mbele yake na harufu ikawafuata mpaka kwenye gari. Walilala ndani ya gari, na kulipopambazuka mguu wake ulikuwa umezidi, na wa Hamudi vilevile.

Rahima, aliyepanda nao gari kumwuguza mumewe, alisimama mbele ya dereva.

"Tunapita hospitali ya misheni," alisema. "Hamudi, nimekusikiliza mwaka mzima. Leo utanisikiliza mimi."

Hospitalini walimkuta tabibu aitwaye Anthony, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwakalisha Stamili na Hamudi benchi moja, akaitazama miguu yao, mmoja mmoja, bila kuigusa. Hilo peke yake liliwafanya wamwamini.

"Huu unaitwa jongo," alisema. "Kwenye damu kuna taka, inaitwa asidi ya yuriki. Figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, au mtu akikosa maji, huganda kwenye kiungo, chembe ndogondogo kama chumvi, zenye ncha kama sindano. Hupenda kidole gumba kwa sababu kiko mbali na moyo na kina baridi. Huja alfajiri mwili ukiwa umepoa na kukauka."

"Nani huiweka?" Hamudi aliuliza.

"Haiwekwi na mtu, mzee. Nyama nyingi, maini, bia, uraka, huizidisha. Mwingine amezaliwa na figo zisizoitoa vizuri, hata asile nyama. Kuna yeyote katika ukoo wenu aliyeumwa hivi?"

Stamili alisema, "Kaka yake. Mume wangu."

Hamudi akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiatu kitoke kisimani kumtazama usoni. "Kaka? Hukusema."

"Ungenisikia?"

Hamudi aliinamisha kichwa.

Mwezi huo walikuwepo pale madaktari wageni waliopima damu za watu wazima wa mkoa, wenye afya na wagonjwa. Anthony akaomba wote waliokuja na gari wapimwe. Jioni aliwaita. Stamili na Hamudi walikuwa na ile asidi nyingi, kama alivyodhani. Lakini Rahima, ambaye hajachechemea maishani mwake, naye alikuwa nayo. Na dereva, mwenye misuli kama ng'ombe, alikuwa nayo kupita Hamudi.

"Mimi siumwi popote," dereva alisema, akicheka kidogo.

"Ndiyo," alisema Anthony. "Wengi hawaumwi. Tunaikuta kwa watu wengi kuliko tulivyofikiri. Mtu anakaa nayo miaka, imetulia tu. Mwingine anakwenda nayo kaburini bila kuichechemea hata siku moja. Mwingine inaamka."

Dereva aliacha kucheka. Stamili alimwona akitazama viatu vyake.

Walipewa vidonge, wakaambiwa wapunguze nyama na pombe, na wanywe maji, mengi, kila siku. Aliposikia hilo Hamudi alifunika uso kwa viganja, na mabega yakamtikisika. Stamili hakujua kama alikuwa akilia au akicheka, naye hakumwuliza.

Njia ya kurudi ilipita sokoni Masasi, watu tele, wabeba magunia, wauza nguo, wanaume wakinywa supu barazani. Stamili, kitambaa kimefunika kichwa kilichonyolewa, aliwatazama kupitia ubavu wa gari. Hakuna aliyechechemea. Walitembea wepesi, wakicheka, wakikanyaga kwa miguu yote miwili, na yeye akawa anasikia ndani yao zile sindano zikiwa zimelala, kwa huyu, kwa yule, kwa yule mwenye kikapu. Alifumba macho mpaka walipoanza kupanda uwanda.

Uvimbe wake ulishuka wiki hiyo. Hamudi alieleza msikitini na kwenye kilabu aliyoambiwa hospitalini. Nusu ya watu walimwamini. Nusu walisema kilichowaponya ni wembe wa Nanganga, na kwamba hospitali imekuja kudandia sifa. Hamudi hakuwahi kumwomba Stamili radhi kwa maneno. Alikuja tu na Erasto, wakashuka kisimani, wakasugua kuta, wakaziba ufa, wakapaka saruji mpya, na mvua za Novemba zilipoanza, yeye alikuwa wa kwanza kusimama pale tunduni, mkongojo kwapani, akanywa kata nzima mbele ya watu, akarudia ya pili. Rahima alifuata na ndoo. Kiu haina kiburi. Taratibu wengine wakaja.

Stamili aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nywele zilirudi nyeupe zaidi. Jongo lilimrudia mara chache, na kila mara alilijua kabla halijafika. Majivu yale kwenye unyayo wake hakuyapatia maelezo, wala hakuyatafuta tena.

Asubuhi moja ya ukungu, mashine za salfa zikinguruma asikojua, alikuwa akifagia aliposikia: to, kwaruu. To, kwaruu. Alitokea Yeremia, mwalimu mgeni aliyehamia kutoka upande wa Masasi muhula ule, kiatu mkononi, uso umemkauka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kimeanza lini?"

"Leo alfajiri. Umejuaje?"

"Ingia ukae, nikupe maji. Halafu tutafute gari la kukupeleka hospitali."

Mwalimu aliangalia tundu la kisima, kisha akamwangalia yeye, akiwa amesimama mguu mmoja. Bila shaka alikuwa ameshasimuliwa habari za kisima kile.

"Ahsante, Mama," alisema. "Sina kiu."

Akageuka. Ukungu ukamchukua miguu kwanza, kisha mabega, kisha kichwa, na Stamili akabaki ameshika kata iliyojaa, akisikiliza mkongojo ukienda upande wa shule, ukisimama, ukienda tena.